Leseni ya chakula cha usiku Uingereza: madiwani wanapima nini, na wewe uende na nini

Swali: "Nina duka dogo la chakula cha kubeba katika mji mmoja hapa Uingereza: kuku, chipsi, mishkaki na wali. Nimeomba leseni ya kuuza hadi saa 9 usiku, siku zote saba. Polisi wamepinga, wanataka nifunge saa 7. Majirani wawili nao wameandika. Mmoja analalamikia kelele na takataka, mwingine anasema maduka ya chakula mtaani yameshazidi. Nimeitwa kwenye kikao cha madiwani. Je, wanaweza kuninyima kwa sababu ya wingi wa maduka? Nikifika niseme nini? Na wakikataa, ndiyo basi tena?"

Jibu:

Pole kwa hekaheka, dada. Nianze na lile linaloonekana kukukaa zaidi rohoni. Hapana, madiwani hawana mamlaka ya kukunyima leseni kwa sababu tu mtaa umejaa maduka ya chakula, wala kwa sababu muuzaji mwenzako anaogopa kupoteza wateja. Hiyo ni habari ya soko, na soko si kazi yao. Lakini usiende kifua mbele kwa jibu hilo, maana wingi huohuo wa maduka unaweza kuingia kikaoni kwa mlango mwingine, na mlango huo nitakuonyesha. Kwa maelezo uliyonipa, pingamizi zito ni la polisi, na kinachokuponza zaidi ni kuomba saa 9 usiku kwa siku zote saba.

Tuelewane kwanza juu ya sheria yenyewe. Ni Sheria ya Leseni ya 2003, inayotumika Uingereza yenyewe (England) na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Ilianza kufanya kazi kikamilifu Novemba 2005, ikatoa leseni za pombe mikononi mwa mahakimu na kuzikabidhi kwa halmashauri, pamoja na burudani na chakula cha usiku. Kuhusu chakula inasema hivi: anayeuzia umma chakula cha moto au kinywaji cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, yaani 23:00 hadi 05:00 kwenye fomu zao, lazima awe na leseni. Soda baridi, saladi na mkate uliotiwa nyama baridi havimo. Chai imo. Hata chakula kinachouzwa kikiwa baridi huku mteja akipewa mashine ya kukipashia humohumo dukani kimo.

Hapa wengi hujikwaa kwenye oda za kupelekwa nyumbani. Sheria inazungumzia chakula kinachotolewa ndani ya jengo au kutoka kwenye jengo. Kwa hiyo ukifunga mlango wa mbele saa 5 kisha ukaendelea kuwapakilia vijana wa pikipiki kupitia mlango wa nyuma, bado unauza chakula cha usiku na bado unahitaji leseni. Adhabu ya kuuza bila leseni ni faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Wakati unasubiri kikao, ikifika saa 5 zima jiko. Polisi wakija na ushahidi kwamba ulikuwa unauza kabla ya kuruhusiwa, kila utakaloahidi siku ile halitaaminika.

Sasa, madiwani wanapima nini? Wanapima mambo manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto dhidi ya madhara. Sheria inaishia hapo. Hoja isiyogusa mojawapo ya hayo manne haina uzito, hata iwe imeandikwa kwa uchungu kiasi gani. Jirani anayesema maduka yamezidi, akiishia hapo, hajagusa hata moja. Anayesema chipsi zinanenepesha vijana pia hajagusa, kwa sababu afya ya jamii haimo katika malengo manne ya sheria hii, ingawa mkurugenzi wa afya ya jamii ni miongoni mwa wanaopelekewa ombi. Na anayesema thamani ya nyumba yake itashuka, naye hivyohivyo.

Ule mlango wa pili niliokuahidi ni huu. Halmashauri inaweza kutangaza rasmi kwamba eneo fulani limeshaelemewa: leseni zilizopo ni nyingi kiasi kwamba kuongeza nyingine kutazidisha uhalifu au kero. Inaitwa tathmini ya athari za mrundikano. Tangu Aprili 2018 ipo ndani ya sheria yenyewe, lazima isimame juu ya ushahidi, na lazima ipitiwe upya angalau kila baada ya miaka 3. Wakati huo wingi wa maduka hauwi tena hoja ya soko, unageuka hoja ya fujo na kelele. Westminster, katikati ya London, ndiyo mfano unaojulikana zaidi: sera yake inayataja waziwazi maduka ya vyakula vya haraka katika eneo lake la West End, na ombi jipya huko lina mlima wa kupanda. Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fungua tovuti ya halmashauri yako utafute nyaraka mbili: taarifa ya sera ya leseni, ambayo huandikwa upya kila baada ya miaka 5, na ramani ya eneo la mrundikano kama lipo. Mtaa wako ukiwa ndani ya ramani, kazi inakuwa kuonyesha kwamba duka lako halitaongeza tatizo lililopo. Ukiwa nje, msemo wa "maduka yamezidi" umebaki kuwa maoni ya mtu mmoja.

Hata ndani ya eneo kama hilo, halmashauri haikatai yenyewe kwa kutazama ramani. Mpaka mtu apinge ndani ya muda. Ombi ambalo halikupata pingamizi lolote halali katika siku 28 halmashauri inalazimika kulikubali, pamoja na masharti yanayotokana na mpango wa uendeshaji uliouandika mwenyewe. Kikao kipo kwa sababu wewe umepata pingamizi.

Turudi kwa polisi. Mwongozo wa serikali unawaambia madiwani kwamba polisi ndio chanzo chao kikuu cha ushauri katika mambo ya uhalifu na fujo. Kwa hiyo sentensi moja ya sajenti ina uzito kuliko barua tano za mtaani. Lakini uzito si amri. Polisi nao wanatakiwa kuja na ushahidi, na unayo haki ya kuuliza: ni matukio mangapi, saa ngapi, yalitokea mbele ya duka gani, na yanahusianaje na aina ya biashara ninayotaka kufanya? Idadi ya matukio ya mtaa mzima kwa mwaka mzima, mchana na usiku, haisemi mengi kuhusu saa 8 usiku mbele ya mlango wako.

Kuna shauri la 2008 ambalo ningependa ulijue. Kampuni ya Daniel Thwaites ilikuwa na hoteli inayouza pombe huko Wirral. Halmashauri iliwakubalia saa ndefu zaidi, wakazi wakakata rufaa, na mahakimu wakazipunguza. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi wa mahakimu. Hoteli ilikuwa imeshafanya kazi kwa saa zile bila matatizo ya maana, polisi walikuwa wameondoa pingamizi lao, na bado mahakimu walikuwa wameongozwa na hofu ya yale yanayoweza kutokea. Funzo la shauri lile linafanya kazi pande zote mbili. Jirani hawezi kushinda kwa hofu tupu, na wewe huwezi kushinda kwa ahadi tupu ikiwa polisi wana kumbukumbu za matukio.

Nikuambie pia kwa nini polisi wanalihofia duka la chipsi kuliko mgahawa wenye viti. Baa zinapofungwa, watu wenye pombe kichwani hutoka kwa mkupuo na kuelekea kwenye taa ya kwanza inayowaka na harufu ya mafuta. Wanasimama foleni, mmoja anaruka foleni, mwingine anamsukuma, na wasiojuana wanajikuta wamebanana kwenye kaunta ya mita 2. Mgahawa unawakalisha watu, unawapa kitu mkononi, unawatoa mmojammoja. Wasiwasi huu una umri mrefu: tangu sheria ya 1860 Uingereza ilikuwa ikizidhibiti nyumba za viburudisho vya usiku. Polisi wanapotaja saa 7, jambo la kwanza la kuuliza ni saa ngapi baa zilizo karibu nawe zinafunga. Zikifunga saa 8, wanachotaka ni wewe uwe umeshafunga kabla ya umati kutoka. Basi jibu lako lazima liuhusu umati ule, foleni ile, dakika zile za baa kufunga. Kusema kwamba wewe ni mtu wa amani hakuwasaidii madiwani kuamua.

Na hapa ndipo naona ombi lako lina kasoro. Jumanne saa 9 usiku unamuuzia nani? Ukiombea siku saba bila kueleza, diwani anasoma kwamba hukufikiri. Ungeomba saa 8 au saa 9 kwa Ijumaa na Jumamosi, na saa 6 au saa 7 kwa siku nyingine, pengo kati yako na polisi lingekuwa dogo, na jirani anayeamka alfajiri kwenda kazini angepata usiku tano za usingizi. Bado unaweza kufanya hivyo. Kupunguza saa ulizoomba kunaruhusiwa kabla ya kikao na hata siku ya kikao; kinachokataliwa ni kuziongeza. Mwandikie afisa leseni wa halmashauri kwa barua pepe, nakala kwa polisi, na umwombe awafikishie majirani.

Juu ya jirani wa kelele na takataka, nakuomba umsikilize kwa moyo. Ana haki ya kulala, na hoja yake imeingia moja kwa moja kwenye lengo la kuzuia kero. Sheria hailindi biashara yako peke yake. Mpaka wa wajibu wako ni huu: yanayotokea dukani na mbele yake ni yako, mteja akishatembea mbali na kutupa boksi la chipsi mtaa wa tatu, mwongozo unalichukulia hilo kuwa jukumu la mtu binafsi chini ya sheria nyingine. Lakini usiende kusoma kifungu hicho kikaoni kama ngao. Nenda na mpango wa usafi.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya mashauri haya huamuliwa kwa simu na barua pepe kabla mtu hajaingia ukumbini. Piga simu kwa afisa leseni wa polisi aliyeandika pingamizi, jina lake lipo chini ya barua. Muulize: "Ni masharti gani yangekutosha?" Mara nyingi watakutumia orodha. Mkikubaliana, wanaweza kuondoa pingamizi. Muda wao wa kawaida ni hadi saa 24 kabla ya kikao kuanza, na hata kwa mdomo kikaoni inawezekana. Kwa majirani, mwombe afisa leseni awafikishie barua yako ya mwaliko: waje dukani wakati wa mchana, uwaonyeshe mapipa yatakaa wapi na moshi wa jikoni unatokea upande gani. Usiende kuwagongea mlango usiku, na usiwatume watu. Wote wakiridhika na kukubaliana kwamba kikao hakihitajiki, halmashauri inaweza kukifuta na kutoa leseni.

Sasa masharti, na hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu hujifunga wenyewe. Kila sharti unalolikubali linakuwa sehemu ya leseni, na kuuza nje ya masharti ni kosa lilelile la jinai la kuuza bila leseni. Chukua sharti kama hili: "Mwenye leseni atahakikisha wateja hawapigi kelele." Linasikika zuri, madiwani watatabasamu, lakini hakuna binadamu anayeweza kulitimiza, na usiku wa kwanza tu umeshalivunja. Linganisha na hili:

"Kuanzia saa 5 usiku, mfanyakazi wa zamu ataokota vifungashio mbele ya duka na mita 20 kila upande kila baada ya saa moja, na mara ya mwisho baada ya kufunga, na ataandika muda na jina lake kwenye daftari litakaloonyeshwa kwa afisa wa halmashauri akiomba."

Hili linapimika. Afisa akija, anafungua daftari. Wewe unalala ukijua umetimiza au hujatimiza. Andika yote kwa mtindo huo. Foleni ya nje isizidi idadi fulani ya watu na kuwe na mtu wa kuisimamia Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa 6. Mlango wa nyuma usitumike baada ya saa 5. Wapeleka oda wasubiri ndani, injini zikiwa zimezimwa. Mapipa ya chupa yasimwagwe kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi. Kama bomba la moshi la jikoni lina feni inayovuma, taja ratiba ya matengenezo yake, kwa sababu jirani anaposema kelele, mara nyingine anamaanisha feni, si watu.

Kamera nazo. Polisi karibu kila mara wataziomba, na picha zihifadhiwe kwa siku 31 ndicho kipimo kinachotajwa sana. Kununua kamera ni rahisi. Kinachowaangusha watu ni ile sentensi inayofuata: kwamba muda wote duka likiwa wazi awepo mtu anayejua kuzitoa picha na kumkabidhi polisi. Saa 7 usiku kuna tukio, askari anaingia, anauliza picha, na kijana wa zamu hajui hata neno la siri. Umevunja sharti. Mfundishe kila mtu wa zamu, na andika tarehe uliyomfundisha.

Wakikutaka uwe na walinzi wa mlangoni, piga hesabu kabla ya kusema ndiyo. Lazima wawe na leseni ya ulinzi, na duka dogo linaweza kujikuta mauzo yote ya saa mbili za mwisho yameishia kwenye mshahara wa mlinzi. Ni afadhali kufunga saa 8 bila mlinzi kuliko saa 9 ukiwa na sharti usiloweza kuligharamia.

Kuhusu siku yenyewe. Kikao kinapaswa kuanza ndani ya siku 20 za kazi baada ya muda wa pingamizi kumalizika, na wewe upewe taarifa siku 10 za kazi kabla. Katika taarifa hiyo kuna fomu ya kujibu kama utahudhuria, kama utakuwa na mwakilishi na kama utaomba shahidi asikilizwe. Irudishe angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao. Nyaraka zako, yaani picha za duka, ramani, daftari la mafunzo, barua za wanaokuunga mkono, zitume mapema. Ukizileta siku ileile, zitapokelewa tu ikiwa pande zote zimekubali, na nimeshuhudia folda nzuri zikibaki zimefungwa mezani kwa sababu mpinzani mmoja alitikisa kichwa.

Utakuta madiwani watatu. Pembeni yao yupo mshauri wao wa sheria, asiyepiga kura, na karani anayeandika. Afisa leseni anasoma muhtasari wa ombi, kisha kwa kawaida unapewa nafasi wewe, halafu polisi, halafu majirani. Kila upande unapewa muda sawa, na unaweza kuwa mfupi, kwa hiyo usiutumie kusimulia maisha yako. Hakuna kuhojiana kama mahakamani isipokuwa wenyewe waone inafaa. Maswali yako kwa polisi yapitishe kwa mwenyekiti. Anza na saa ulizopunguza, taja masharti uliyokubaliana, kisha shughulikia kile kilichobaki kwenye ubishi. Diwani atakuuliza swali la kawaida kabisa, mfano: "Mteja mlevi akikataa kutoka, mfanyakazi wako anafanya nini?" Jibu kwa hatua: anayemwita, simu ipi, nani anaandika tukio. Kama Kiingereza cha kikaoni kinakupa shida, mjulishe afisa leseni mapema kwamba utakuja na mtu wa kukusaidia. Halitapunguza heshima yako hata kidogo, na madiwani wangependa kukusikia ukieleza vizuri kuliko kukuona unaitikia masharti usiyoyaelewa.

Wanaweza kufanya nini? Kukubali kama ulivyoomba, kukubali kwa kubadili masharti, saa zikiwemo, au kukataa. Hatua yoyote wanayochukua lazima iwe inafaa kwa ajili ya yale malengo manne, na lazima watoe sababu. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kikao. Zisome sababu neno kwa neno, kwa sababu rufaa yako itasimama juu yake.

Na hapana, wakikataa si "ndiyo basi". Unaweza kukata rufaa katika mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21 kuanzia siku uliyojulishwa. Siku hizo haziongezwi kwa huruma, kwa hiyo ziandike ukutani. Hata majirani waliopinga wana haki hiyohiyo wewe ukishinda. Mahakama husikiliza shauri upya na ushahidi mpya unaruhusiwa, lakini Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2011, katika shauri la Hope and Glory dhidi ya Westminster, kwamba anayekata rufaa ndiye wa kuonyesha kuwa uamuzi wa halmashauri ulikuwa na makosa, na hakimu atazipa uzito sababu zake kulingana na zilivyo nzito. Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama, na halmashauri iliyotenda kwa nia njema na kwa busara kwa kawaida haiamriwi kukulipa hata ukishinda. Mimi nisingekimbilia rufaa kwa tofauti ya saa moja. Kwa kukataliwa kabisa bila ushahidi, ningeikata.

Ipo njia nyingine ambayo watu wa chakula hawaitumii vya kutosha: taarifa ya tukio la muda. Kwa ada ya paundi 21 unaijulisha halmashauri, polisi na watu wa afya ya mazingira, angalau siku 10 kamili za kazi kabla, kwamba usiku fulani utauza mpaka saa fulani. Watu wawe chini ya 500. Mtu asiye na leseni binafsi ya pombe anaruhusiwa taarifa 5 kwa mwaka, na jengo moja haliwezi kuzidi matukio 15 wala siku 21 kwa mwaka. Usiku unaovuka saa 6 unahesabika siku mbili. Polisi na afya ya mazingira peke yao ndio wanaoweza kupinga. Ukiitumia kwa wikiendi chache, ukaandika daftari, ukapiga picha barabara ilivyo safi saa 9 na nusu usiku, unarudi na ombi jipya likiwa na kile hasa mahakama ilichokisisitiza kwenye shauri la Wirral: rekodi ya jinsi ulivyofanya kazi.

Kuna mambo mawili hukuyauliza lakini yanaweza kukuangusha hata ukishinda. Kwanza, kibali cha mipango miji ni kitu tofauti na leseni. Kwa England, mgahawa wa kukaa na duka la chakula cha kubeba havimo kundi moja la matumizi ya jengo, na kibali cha jengo lako kinaweza kuwa na saa yake ya kufunga. Kikisema saa 5, leseni ya saa 8 haikiondoi. Inayotangulia ndiyo inayokubana. Mwombe mwenye jengo akuonyeshe karatasi yenyewe, neno lake halitoshi. Pili, tangu Aprili 2017 mwenye leseni ya pombe au ya chakula cha usiku lazima awe na haki ya kufanya kazi nchini, na haki hiyo ikiisha, leseni nayo inaisha. Kama una kibali cha ukaazi chenye tarehe ya mwisho, au kama unaajiri watu, weka nakala za ukaguzi wao. Kukutwa na asiye na haki ya kufanya kazi kunafungua mapitio ya leseni, na hapo madiwani wanaweza kuisimamisha hadi miezi 3 au kuifuta kabisa.

Ada uliyolipa ilitegemea thamani ya jengo inayotumika kukadiria kodi ya biashara: paundi 100 kwa jengo la hadi 4,300, paundi 190 kwa la hadi 33,000, na kuendelea hadi 635 kwa makubwa kabisa. Ukipata leseni, kuna ada ya kila mwaka, 70 kwa kundi la kwanza na 180 kwa la pili. Isipolipwa kwa wakati, na kama hakuna ubishi uliouwasilisha au kosa la kiofisi, halmashauri inalazimika kuisimamisha leseni mpaka ulipe, na ukiuza chakula cha moto usiku katika kipindi hicho unahesabiwa kuwa umeuza bila leseni. Iweke kwenye kalenda ya simu yako siku ileile leseni itakapofika, na muhtasari wake uubandike dukani mahali mteja anaweza kuusoma.